Siku Tuliyoficha Simu ya Biharusi



Msimu wa harusi umeingia, na kama kawaida maswali yenu ni ya singo: biharusi asingwe siku ngapi, liwa ichanganywe na nini, asumini zipatikane wapi na bei zilivyopanda. Tutayajibu wiki ijayo, inshaAllah. Leo tuna jambo letu wenyewe. Mmoja wetu amekuwa akitusukuma tuliandike tangu mwaka juzi, na wawili tukawa tunalikwepa kwa aibu.

Sisi ni ndugu wanne wa kike. Watatu ndio tunaoandika hapa. Wa nne, kitindamimba wetu, ni daktari, na yeye ndiye aliyekuwa biharusi.

Nikaha yake ilikuwa Ijumaa, wiki tatu kabla ya Ramadhani ya 2023. Wiki nzima kabla ya hapo tulimweka ndani, kama tulivyowekwa sisi na kama alivyowekwa mama. Hatoki uani, haoni jua, hashiki kazi, anasingwa asubuhi na jioni. Na kwa kuwa zama zimebadilika, kuna sharti ambalo bibi hakuwa nalo: hashiki simu. Simu yake na kompyuta yake tulizitia kwenye kikapu cha ukili, tukazifungia kabatini kwa mama, ufunguo akakaa nao mmoja wetu.

Siku ile ya kwanza alituambia vizuri tu. "Dada zangu, kompyuta niachieni mpaka Alhamisi. Kuna ombi la ruzuku ya utafiti, nimebakiza barua moja na kubonyeza."

Sisi katika maneno yale tulisikia mawili tu, "ombi" na "ruzuku", yaani kuomba na pesa. Mmoja wetu akamjibu: "Bwana harusi anakuletea mahari, wewe unaomba pesa gani tena?" Wanawake waliokuwa chumbani wakacheka, na sisi tukacheka. Tunaliandika jibu lile kama lilivyotoka ili mjue mnasoma maneno ya watu gani.

Alhamisi baada ya magharibi aliomba tena. Mikono na miguu ilikuwa na hina mbichi, piko juu yake, hawezi kugusa kitu. Akasema basi mmoja wenu anishikie kompyuta, nitamwelekeza wapi pa kubonyeza, ni dakika kumi. Bi somo akakataa. Akaanza kulia, na bibi akasema biharusi akilia ni heri. Tukampangusa machozi kwa ncha ya kanga, hina isiharibike.

Dirisha la maombi lilikuwa linafungwa saa sita za usiku huko Ulaya, kwetu saa nane. Saa nane usiku ule tulikuwa macho. Tulikuwa tunafunga vikuba.

Alitueleza baada ya fungate, tulipokwenda kumwamkia. Hakutulaumu. Alitutilia chai, akasema kwamba andiko lile alikuwa amelifanyia kazi miezi minane, usiku, baada ya zamu za wodini, na kwamba linapokelewa mara moja kwa mwaka. Kisha akatuuliza habari za watoto. Tulirudi nyumbani kimya, na njiani ndipo mmoja wetu, yule mkubwa, akasema: "Na mnajua lile andiko lilikuwa la nani? Lilikuwa langu mimi."

Hapa inabidi turudi nyuma hadi 2018.

Mwaka ule dada yetu mkubwa alijifungua mtoto wa tatu. Alikuwa katika arobaini, kama wiki mbili hivi, miguu ikaanza kuvimba. Tukasema ni uzazi. Uvimbe ukapanda mpaka magotini, tukasema ni uzazi wa mtoto mkubwa. Tulimkanda kwa maji moto, tukampa uji wa pilipili manga, tukamfunga tumbo kwa kanga. Usiku akawa anakohoa, akilala chali anakosa pumzi, basi tukampangia mito ukutani akawa analala ameketi. Jirani mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, alisema hiyo si maradhi ya hospitali, na tukampisha asome.

Kitindamimba wakati ule alikuwa katika mwaka wa mazoezi ya udaktari, Dar es Salaam. Alikuja kumwona mtoto. Aliingia chumbani, akamtazama dada yake shingoni tu, mishipa ilivyotuna, akasema tunakwenda hospitali usiku huu. Kipimo cha eko kilionyesha kwamba moyo unapiga lakini hausukumi. Moyo wenye afya, kila pigo, husukuma nje zaidi ya nusu ya damu iliyojaa katika chumba chake kikubwa. Wa dada yetu haukufika theluthi.

Madaktari huiita kadiomiopathi ya uzazi. Misuli ya moyo hulegea mwishoni mwa mimba au katika miezi ya mwanzo baada ya kujifungua, kwa mwanamke ambaye hakuwa na maradhi mengine ya moyo yanayojulikana. Wengine hupona kabisa, wengine nusu, wengine hawapati hata hiyo nusu. Ubaya wake ni kwamba dalili zake zinafanana na uzazi wenyewe. Mzazi gani hachoki? Mzazi gani havimbi miguu? Basi shikeni hizi: kukosa pumzi ukilala chali, kikohozi cha usiku kisicho na mafua, moyo kwenda mbio umekaa, uvimbe unaoongezeka siku hadi siku badala ya kupungua. Ukiyaona haya kwako au kwa mwenzio, usiishie kupimwa presha na kupewa vidonge vya damu. Omba moyo uangaliwe kwa eko.

Dada yetu alipona kiasi. Anapanda ngazi za nyumba yake kwa mapumziko mawili. Ameambiwa asibebe mimba nyingine. Yeye ndiye aliyetupa idhini ya kuandika haya, na amesoma kila mstari.

Sasa andiko. Kitindamimba wetu alikuwa anaomba fedha ili wakunga wawafuate wazazi majumbani, ndani ya arobaini, wawaulize maswali machache na kuwapima moyo, ijulikane ni wangapi tunaowakanda kwa maji moto kumbe mioyo imelegea. Alitaka kuingia chumba kile kile tulichompangia dada yetu mito. Na sisi tukamfungia kompyuta kabatini.

Baada ya kujua hivyo, tulimwomba atufundishe, maana tuliona ujinga wetu umeshagharimu vya kutosha. Na mama ndiye aliyeuliza swali la kwanza, ambalo tunajua na nyinyi mnalo: hizo pesa ni mkopo? Zina riba?

Si mkopo. Ruzuku ya utafiti hairudishwi, wala haina riba. Lakini pia si zako. Ni amana. Unaandika kabla hata ya kupewa kwamba kiasi hiki ni mshahara wa wakunga wawili, kiasi hiki ni kukodi mashine, hiki ni nauli, hiki ni mtu wa kuingiza takwimu, na kila shilingi inadaiwa risiti. Kuna jamaa upande wa bwana harusi aliyesikia habari akasema alhamdulillah, basi samani za chumba zimepatikana. Tulicheka, lakini ni vizuri mjue mapema: daktari akipata ruzuku kubwa, nyumbani kwake haliongezeki hata kochi.

Kinachonunuliwa zaidi ni muda. Daktari kijana wa moyo katika nchi zetu anaamkia wodini na kurudi usiku. Kama hakuna anayelipia siku mbili tatu za wiki azitumie kuuliza swali lake, swali halitaulizwa, au litaulizwa na mtu wa mbali asiyejua kwamba sisi tuna arobaini.

Na kuna tofauti ya tuzo na ruzuku, ambayo sisi tulikuwa tunaichanganya. Tuzo hutolewa kwa kazi iliyokwishafanywa. Shirika la Moyo la Marekani, kwa mfano, lina tuzo ya watafiti wanaoanza iliyopewa jina la Elizabeth Barrett-Connor, mwanamke aliyeanzisha mwaka 1972 uchunguzi wa muda mrefu wa watu wa mtaa mmoja wa California, Rancho Bernardo, na akatumia maisha yake kuonyesha kwamba moyo wa mwanamke usichukuliwe kama nakala ya moyo wa mwanamume. Ruzuku ni kwa kazi ijayo. Shirika hilo hilo lina ruzuku ya kumjenga mtafiti mpya ambayo miaka ya karibuni ilifika dola 231,000 kwa miaka 3. Ni nyingi kwa masikio yetu. Lakini gawa kwa miaka mitatu, toa mishahara, toa vipimo vya damu, utaona kwa nini wanahesabu mpaka bei ya glovu.

Mtu atauliza, sasa utafiti mdogo wa daktari kijana unaleta nini? Tulimuuliza na sisi. Akatusimulia habari za wanawake 20 wa Soweto.

Mwaka 2010 Karen Sliwa na wenzake wa Afrika Kusini walichapisha majaribio yao kwa wazazi 20 waliokuwa na maradhi haya ya dada yetu. Kumi walipewa matibabu ya kawaida, kumi wakaongezewa dawa iitwayo bromokriptini, ambayo huzuia homoni ya maziwa. Wazo lilitokana na kazi ya maabara ya Denise Hilfiker-Kleiner wa Hannover, Ujerumani, na wenzake, iliyochapishwa 2007, iliyoonyesha kwamba homoni ile ikikatika vipande inaweza kuwa sumu kwa mishipa ya moyo. Baada ya miezi sita, mioyo ya wale kumi walioongezewa dawa ilikuwa inasukuma wastani wa asilimia 58 ya damu kutoka asilimia 27. Wale wengine walifika asilimia 36. Watu ishirini tu! Harusi yetu peke yake ilikuwa na wapishi zaidi ya hao. Kwa idadi ndogo hivyo hakuna aliyesema kazi imekwisha, na dawa yenyewe inamfanya mama asinyonyeshe, jambo zito kwetu. Lakini kabla ya hapo hapakuwa na hata mlango wa kubisha.

Habari ya pili ndiyo iliyotukalisha kitako zaidi, kwa sababu ni ya Waislamu wenzetu wa Nigeria ya kaskazini. Maradhi haya huko ni mengi kuliko karibu kokote duniani. Tangu miaka ya 1970 madaktari wa Zaria waliandika juu ya wazazi wa Kihausa: siku arobaini za kuoga maji ya moto sana, kulala juu ya kitanda kilichotiwa moto chini yake, na kunywa uji uliotiwa kanwa, chumvi ya ziwani inayofanana na magadi yetu. Wakashuku kwamba joto na chumvi ndivyo vinavyouchosha moyo. Sisi tuliposikia hivyo tulitazamana. Nani kati yetu hakukandwa?

Lakini shaka si jibu. Utafiti ulioongozwa na daktari Kamilu Karaye wa Kano, uliochapishwa 2020, uliwakusanya wagonjwa 244 katika hospitali 14 za Nigeria na kuwalinganisha na wazazi wasio na maradhi. Zile mila za arobaini hazikuonekana kuwa na uhusiano wa maana na maradhi. Kilichoonekana ni kutosoma, kutokuwa na kazi, wembamba wa kukosa lishe, na kifafa cha mimba cha dalili za mwanzo, ile presha inayopanda na protini kwenye mkojo. Yaani kwa miaka zaidi ya arobaini mama mkwe amelaumiwa kwa maji yake ya moto, na kumbe pa kutazama zaidi palikuwa umaskini na presha ya mimba. Hatusemi muwaunguze wazazi. Tunasema tu kwamba jibu hili lisingepatikana kwa kukaa barazani na kubishana.

Na kuna jambo la tatu, la wale mabiharusi wenye milango ya moyo iliyoharibika kwa homa ya rumatiki, ile inayoanza na mafindofindo ya utotoni yasiyotibiwa. Marehemu Bongani Mayosi wa Cape Town na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 3,343 katika nchi 12 za Afrika, pamoja na India na Yemen, wakachapisha 2015. Nusu ya wagonjwa walikuwa na umri usiozidi miaka 28, na theluthi mbili walikuwa wanawake. Kati ya wanawake 1,825 wa umri wa kuzaa, 65 tu walikuwa wanatumia njia yoyote ya kupanga uzazi, ilhali wengi wa wagonjwa hao mimba ni hatari kwao, na dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo baadhi yao hunywa inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Msichana mwenye mlango wa chuma moyoni anaposwa, mahari inakubaliwa, na hakuna anayeketi naye kumuuliza anakunywa nini. Kama wewe ni huyo, nenda kwa daktari wako kabla ya nikaha, si baada ya kukosa siku zako. Na mwambie mchumba. Si aibu, ni haki yake na yako.

Sasa turudi kwenye saa. Hili ndilo hasa lililotufanya tuandike.

Ruzuku hizi za wanaoanza zina saa inayohesabu. Hawaangalii umri wako, wanaangalia miaka tangu umalize shahada ya mwisho au mafunzo ya ubingwa. Baraza la Utafiti la Ulaya, ambalo ruzuku yake ya kuanzia inafika euro milioni 1.5 kwa miaka 5 kwa atakayefanya kazi huko, kwa miaka mingi lilitaka mwombaji awe kati ya miaka 2 na 7 tangu shahada ya uzamivu. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani humhesabu mtu kuwa mtafiti anayeanza kwa miaka 10. Ile aliyokuwa anaiomba mdogo wetu ilikuwa miaka mitano.

Mtoto wa kike anayesoma udaktari kisha ubingwa humaliza akiwa na miaka thelathini na kitu. Saa inaanza hapo. Na sisi kwetu hapo ndipo kila mtu anapokumbuka kwamba hajaolewa, au ameolewa na hajazaa, au amezaa mmoja na mwenzake yuko wapi. Miaka mitano ile ile. Hakuna aliyekaa akapanga ubaya huu; umetokea tu, saa mbili zimewekwa ukuta mmoja.

Wenye ruzuku wameliona. Ulaya wameweka kwamba mama anaongezewa miezi 18 kwa kila mtoto. Marekani, aliyejifungua anaongezewa mwaka mzima. Na mwaka 2019 madaktari wawili wa moyo, Roxana Mehran, mzaliwa wa Iran anayefanya kazi New York, na Marie-Claude Morice wa Ufaransa, walianzisha shirika liitwalo Women as One ambalo pamoja na mengine hutoa ufadhili kwa madaktari wa moyo wanawake tu. Mehran huyo huyo aliongoza jopo la wanawake lililoandika katika jarida la Lancet mwaka 2021 kwamba mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa yalichukua asilimia 35 ya vifo vyote vya wanawake duniani. Kila tukikutana misibani tunasema presha, presha. Ndiyo hiyo.

Ila nyongeza ya miezi 18 inaandikwa kwenye karatasi ya masharti. Haimshiki mtoto. Haipiki futari. Mtu wa kuigeuza iwe saa tatu za mlango uliofungwa ni wa nyumbani, na mara nyingi ni mwanamke mwingine. Baraza la Ulaya linaweza kumsubiri mdogo wetu. Sisi dada zake tulishindwa kumsubiri dakika kumi hina ikauke.

Tunawaambia akina mama wa mabiharusi, na hili tumelisema pia kwenye darsa letu: kama binti yako ni wa masomo, hayo yazungumzwe kwenye posa. Mashekhe wetu wanatufundisha kwamba masharti mnayokubaliana katika ndoa ndiyo yanayostahiki zaidi kutimizwa. Watu wanaandika sharti la nyumba na sharti la kwao kwenda Ijumaa. Andikeni na hili. Shemeji yetu alipoelezwa alisema jambo moja tu: "Mngeniambia mimi Alhamisi ile, ningekuja kubonyeza mwenyewe." Na kweli, anaijua kompyuta. Hakuna aliyemfikiria.

Mwaka wa 2024 aliomba tena. Safari hii alikuwa na mtoto wa miezi mitatu. Tuligawana: mmoja wetu kupika, mmoja kufua, mkubwa, ambaye hawezi kazi ya nguvu, akashika bajeti, kwa sababu zamani alikuwa mhasibu na hakuna risiti inayompita. Mama mkwe wake alimchukua mtoto kila alasiri na kumrudisha kunyonya magharibi. Ombi lilikwenda siku mbili kabla ya siku ya mwisho. Tukafanya dua, tukatoa sadaka, tukaona sasa Mwenyezi Mungu ametupa nafasi ya kufuta lile kosa.

Baada ya miezi mitano wakamkatalia.

Tulikasirika kuliko yeye. Yeye alifungua ile barua, akatuonyesha kwamba wameandika kurasa mbili. Mmoja amesema wazazi aliopanga kuwapima ni wachache, hawatatosha kujibu swali. Mwingine ameuliza nani atamwomba mama idhini ndani ya nyumba yenye mama mkwe, na atajuaje kwamba mama amekubali kwa hiari yake. Alisoma swali hilo mara mbili akatabasamu. "Huyu amesoma," akasema. "Huyu amekaa na andiko langu." Sisi hatukujua kwamba kukataliwa kuna daraja zake, na kwamba watafiti wengi wenye majina hukataliwa mara kadhaa kabla ya kukubaliwa. Angekuwa amekataliwa 2023, maoni hayo angekuwa nayo mwaka mmoja mapema. Hesabu hiyo tuliifanya sisi. Yeye hakuisema.

Alibaki na nafasi. Miaka yake mitano ilikuwa inaelekea mwisho, lakini ruzuku ile nayo ina nyongeza ya mtoto, basi cheti cha kuzaliwa cha mwanawe kikawa kiambatisho namba nne, kimetafsiriwa na kugongwa muhuri. Mtoto hajajua kusema maneno matatu na tayari ana jina kwenye ombi la utafiti wa moyo.

Mwaka huu ameongeza idadi ya wazazi. Swali la idhini alituuliza sisi, na ndiyo mara ya kwanza tukahisi tunajua kitu ambacho daktari hakijui. Tulimwambia mkunga asiulize mbele ya watu. Aombe kumkanda mzazi mwenyewe, faragha, mlango ufungwe, na aulize akiwa anamkanda mgongo, hapo mzazi husema kila kitu. Akaliandika kwa maneno ya kitaalamu, lakini ni lile lile.

Alikuja kulituma kwetu, kwa sababu kwake umeme ulikuwa umekatika. Ilikuwa Alhamisi tena. Kompyuta aliiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, mtoto amelala mapajani kwa mkubwa wetu, ambaye alikuwa ameegemea mito yake mitatu. Alisoma orodha ya viambatisho kwa sauti, nasi tukawa tunaitikia: upo, upo, upo. Alipofika mwisho akageuka akatuuliza nani anataka kubonyeza.

Hakuna aliyethubutu. Akabonyeza mwenyewe, akafunga kompyuta, akauliza kama kuna chai.

Majibu yatatoka Novemba. Mtuombee. Na wiki ijayo ni singo, inshaAllah; liwa nunueni mapema, nzuri inakwisha haraka msimu huu.